Mfumo wa kibunge na mfumo wa urais

Mfumo wa kibunge na mfumo wa urais ni njia mbili kuu za kuunda serikali katika nchi za kidemokrasia. Tofauti yake huonekana wazi zaidi serikali inapotakiwa kuondoka. Nchini Uingereza, penye mfumo wa kibunge, waziri mkuu hudumu maadamu wabunge walio wengi wana imani naye. Usiku wa tarehe 28 Machi 1979 serikali ya Waziri Mkuu James Callaghan iliangushwa kwa kura 311 dhidi ya 310. Kura moja tu, na nchi ikaingia kwenye uchaguzi.

Nchini Marekani, penye mfumo wa urais, rais ana muhula wake wa miaka 4, na Kongresi, yaani bunge la nchi hiyo, haiwezi kumtoa kwa kuchukizwa na sera zake tu. Sharti ashtakiwe na kutiwa hatiani kwa uhaini, rushwa au makosa mengine makubwa. Mwaka 1868 Rais Andrew Johnson aliponea chupuchupu: maseneta 35 walipiga kura ya kumtia hatiani, ilhali walihitajika 36.

Ujerumani, ambayo nayo ina mfumo wa kibunge, iliweka kinga ya busara. Kura ya kutokuwa na imani haimwondoi chansela mpaka Bundestag, yaani bunge la nchi hiyo, imchague mrithi wake papo hapo, kama Helmut Kohl alivyomrithi Helmut Schmidt mwaka 1982.

Nchi nyingine huchanganya mifumo hii. Tanzania ina rais mtendaji anayechaguliwa na wananchi, lakini mawaziri wake ni wabunge, na waziri mkuu anayeteuliwa na rais huthibitishwa na Bunge. Kenya iliachana na mtindo huo kwa Katiba ya 2010: waziri hawezi kuwa mbunge.