Walikuwa Wakienda Canada

Mwezi wa Juni 1794 kikundi cha wamonaki Wafaransa kilikuwa kimekwama karibu na mji wa Antwerp. Walikuwa wakienda Canada. Ndiyo, Canada ileile ambayo hapa watu wanaiota usiku na asubuhi wanaenda kuangalia kama jina limebandikwa ubaoni. Safari haikufika mbali. Askofu wa Antwerp aliwaomba wabaki, wakapata shamba dogo katika kijiji cha Westmalle, na tarehe 6 Juni wakaingia humo. Shamba lenyewe lilikuwa tayari na jina: Nooit Rust, yaani Hakuna Kupumzika. Mtu angetunga hadithi ya wakimbizi na kuweka jina kama hilo, tungemwambia ametia chumvi nyingi.

Nimeanza na watu hao kwa sababu bia ninayotaka kuizungumzia, nyeusi, kali, yenye viungo, inatoka katika ukoo wao. Wale wasiokunywa (na najua ni wengi kati yetu, Waislamu na ndugu zetu wa makanisa ya uamsho) wasifunue ukurasa haraka. Habari hii ni ya watu waliokimbia. Bia imekuja nyuma yao, kama vile sufuria inavyokuja nyuma ya mama aliyebeba mtoto.

Walikimbia nini? Mwaka 1790, katika Mapinduzi ya Ufaransa, Bunge lilifuta nadhiri za watawa. Nyumba za wamonaki zikafungwa, mashamba yakauzwa. Kwenye abasia ya La Trappe, ambako jina Watrapisti linatoka, kulikuwa na padri mmoja aitwaye Augustin de Lestrange. Hakusubiri kufukuzwa. Mwaka 1791 alichukua wenzake kama ishirini na kidogo, wakavuka mpaka mpaka Uswisi, wakakaa katika nyumba tupu iitwayo La Valsainte. Kutoka hapo akawa anatuma vikundi huku na huku kutafuta mahali pengine, maana alijua mpaka mmoja hautoshi. Kikundi cha Westmalle kilikuwa kimojawapo.

Na alikuwa na haki ya kuogopa. Wale wa Westmalle hawakumaliza hata miezi miwili: jeshi la Ufaransa liliingia Ubelgiji, wakafunga mizigo tena, wakaenda Westfalia katika Ujerumani, wakarudi 1802. Wenzao wa Uswisi walipata mabaya zaidi. Mwaka 1798 Wafaransa walipoingia huko, Lestrange aliondoka na watu zaidi ya mia mbili, wamonaki, masista na watoto wa shule yao, wakavuka Austria na Poland wakielekea Urusi. Mfalme wa Urusi, Paulo wa Kwanza, aliwapokea vizuri. Mwaka 1800 akabadili mawazo, akawafukuza. Msomaji aliyewahi kupewa karatasi ya kukaa na baadaye karatasi ya kuondoka, kutoka serikali ileile, hahitaji nimweleze zaidi.

Baada ya hapo historia inakuwa kama ukoo wa kijijini, fulani kamzaa fulani. Westmalle ilifanywa abasia mwaka 1836, na tarehe 10 Desemba mwaka huohuo wamonaki walikunywa mezani bia yao wenyewe kwa mara ya kwanza. Kanuni yao iliruhusu kinywaji cha kawaida cha mahali wanapokaa, na huko kinywaji cha kawaida kilikuwa bia. Westmalle ikazaa Achel mwaka 1846. Achel ikatuma watu mwaka 1887 kwenda kufufua Rochefort, abasia ya zamani katika milima ya Ardennes iliyokuwa imeuzwa na kubomolewa baada ya Mapinduzi. Upande mwingine, tawi la La Trappe lililorudi Ufaransa lilijenga juu ya kilima cha Mont des Cats mwaka 1826. Kutoka hapo walivuka mpaka kwenda Westvleteren mwaka 1831, na Westvleteren ikatuma wamonaki Scourmont, karibu na mji wa Chimay, mwaka 1850. Huko mwenye ardhi, mkuu wa Chimay, ndiye aliyewapa kiwanja. Kilikuwa kichaka na udongo mbaya. Shikeni jina hilo la Scourmont, nitalirudia.

Tena Mont des Cats walikimbia mara nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 sheria za Ufaransa ziliwabana watawa, basi wakafungua nyumba ng'ambo ya mpaka, kijiji cha Watou, wakatengeneza jibini. Nyumba waliiita Refuge Notre-Dame de Saint-Bernard. Refuge! Kimbilio. Leo mahali hapo kuna kiwanda cha bia, na bia yake nyeusi ya asilimia 10 inauzwa nchi nyingi.

Sasa chupa. Rafiki anayefanya kazi na shirika moja alirudi kutoka likizo Ubelgiji na chupa mbili za Rochefort 10 ndani ya soksi. Ni chupa ndogo, sentilita 33, yenye kifuniko cha buluu. Asilimia 11.3 ya kileo. Primus yetu ina 5, kwa hiyo chupa hiyo moja ndogo ni zaidi ya Primus mbili za ukubwa huohuo. Tulikuwa watu sita, tukatumia glasi za chai. Hatukuwa na barafu, na ikawa bahati, maana bia hii haitaki baridi. Ukiigandisha inafunga mdomo.

Rangi ni ya kahawa iliyokaa. Povu lake ni la rangi ya udongo mwepesi, na linakaa. Harufu inakuja kwanza ya tende na zabibu kavu, halafu mkate ulioungua chini, halafu kitu cha jikoni ambacho wote tulikijua lakini hakuna aliyetaja jina. Kati yetu alikuwa mama mmoja kutoka upande wa Kabare, anayejua kasiksi kuliko mtu yeyote wa zoni yetu. Alikunywa kidogo, akanyamaza, akanusa tena.

"Mwalimu," akaniambia, "humu baliweka giligilani. Ile mbegu, hapana majani."

Alikuwa sawa. Rochefort wanatia mbegu za giligilani, kidogo sana. Utamu wa tende hautoki kwenye tende, unatoka kwenye sukari iliyopikwa mpaka ikawa nyeusi, na kwenye kimea cha shayiri kilichokaangwa. Ukali kama wa pilipili manga nao unatoka kwa hamira. Chimay, ndugu wa Rochefort, katika ile ya buluu hawatii kiungo chochote, lakini ukiionja utaapa kwamba kuna karafuu. Ni hamira tu inayocheza. Wakati wa kufunga chupa wanaongeza sukari na hamira kidogo, ndiyo maana bia inaendelea kuiva humo ndani kwa miaka, na chini panabaki tope. Yule mama aliposikia habari ya tope alicheka: kumbe na wazungu wanaacha machicha.

Halafu akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Hii iko na nguvu, lakini haina haraka." Ni kweli. Kanyanga inakupiga mlangoni. Hii inakaribisha, inakuketisha, inakuuliza habari za nyumbani, na ukisimama ndipo unajua miguu haiko yako.

Kwa nini viungo? Watu wengi wanadhani ni mapambo ya Krismasi. Hapana, viungo vilitangulia. Kabla ya hopsi, lile ua chungu linalotiwa leo karibu katika bia zote za dunia, watu wa Ubelgiji na Uholanzi walitia mchanganyiko wa majani ya porini ulioitwa gruit. Huwezi kupika bia bila hiyo, na haki ya kuiuza ilikuwa ya mabwana na maaskofu, yaani ulikuwa ushuru uliojificha ndani ya chungu. Mjini Bruges kuna jumba kubwa la kifahari, Gruuthuse, la familia iliyotajirika kwa ushuru huo. Hopsi zilipokuja kushika nafasi, gruit ikafa, lakini mkono wa kutia viungo haukufa katika nchi ile. Giligilani, maganda ya machungwa, mdalasini, anisi, vilibaki, hasa katika bia nzito za wakati wa baridi. Jirani zao Wajerumani walikaza sheria ya shayiri, maji na hopsi. Wabelgiji walikataa kukazwa. Mimi nawaunga mkono, ingawa najua si kazi yangu.

Na kwa nini kali hivyo? Hapa kuna mkono wa sheria tena. Mwaka 1919 waziri msoshalisti Emile Vandervelde alipitisha sheria ya kukataza pombe za kukoleza, kama jeni, kuuzwa katika mabaa. Alitaka kuokoa familia za wafanyakazi. Watu walikosa jeni, wakataka bia yenye nguvu, na viwanda vikawapa. Sheria hiyo ilidumu mpaka 1983. Vandervelde huyohuyo, kabla ya hapo, mwaka 1909, alifika Léopoldville kama wakili kumtetea William Sheppard, mmisionari Mmarekani mweusi aliyeshtakiwa na kampuni ya mpira ya Kasai kwa sababu aliandika mateso aliyoyaona. Kesi walishinda. Ajabu jinsi jina moja linavyopita katika historia mbili.

Ila bia hizi nyeusi hazikuwa ndizo walizotuletea. Kampuni iliyokuja kuitwa Bralima ilianzishwa Léopoldville mwaka 1923, na kilichotoka kilikuwa bia nyeupe, nyepesi, ya baridi, ya chupa kubwa. Primus hiyo ikaja kupikwa Bukavu na Bujumbura pia. Chupa za viungo zilibaki kwenye meza za wazungu na za mapadri. Kasiksi ikaitwa pombe ya kienyeji, na neno hilo kienyeji mpaka leo lina sauti ya kudharau, hata midomoni mwetu. Na bado fikirini: ndizi zinaivishwa shimoni, zinakamuliwa kwa majani, maji yanachujwa, unga wa mtama uliokaangwa unaongezwa, vinakaa siku mbili, tatu. Mtama unatia rangi na uchungu mdogo. Ni akili ileile ya Rochefort, bila chupa na bila karatasi ya rangi.

Sisemi hivi ili kusifia ulevi. Nimeona mahindi ya mgao yakigeuka pombe kabla mtoto hajala, na nimeona mume anarudi usiku na nyumba nzima inaamka kwa hofu. Mtu wa shirika anayesema pombe inaharibu hapa hasemi uongo. Lakini ninaona pia kwamba anayekamatwa na kumwagiwa mitungi ni yule mama anayelipa daftari za shule kwa kasiksi, wakati mwenye duka la pakiti za pombe kali anasalimiwa kwa heshima. Wamonaki walipata kiwanja, muda, na mtu wa kununua getini. Walipika ili waishi, na kilichobaki walisaidia maskini. Hiyo yote ilihitaji kwanza mtu mwenye ardhi aseme: kaeni.

Hata hivyo hawakukaa salama daima. Katika Vita ya Kwanza Wajerumani walibomoa mitambo ya Achel mwaka 1917 kwa ajili ya shaba. Katika Vita ya Pili walikaa ndani ya abasia ya Scourmont. Baada ya vita padri Théodore wa Scourmont alianza upya, akisaidiwa na profesa Jean De Clerck wa Leuven, na mwaka 1948 wakatoa bia nyeusi ya Krismasi ambayo leo ndiyo Chimay ya buluu. Ujuzi huo wakawapa Rochefort pia.

Mwaka 1954 Scourmont ilituma wamonaki mbali kuliko wakati wowote: Masisi, Kivu ya Kaskazini, penye maziwa ya Mokoto. Nilipotamka jina hilo mezani, kijana mmoja wa Masisi aliweka glasi chini. Sikuwa na haja ya kumuuliza.

Mwaka 1996, vita vya Masisi vilipokaza, mamia ya watu, wengi wao Watutsi, walikimbilia ndani ya monasteri ya Mokoto. Walifikiri ukuta wa wamonaki utawakinga. Tarehe 12 Mei wanamgambo waliingia na kuwaua humo. Walionusurika wakatembea kwenda Rwanda. Wamonaki nao, watoto wa Scourmont, wajukuu wa Westvleteren, vitukuu vya wale waliofuata Lestrange gizani mwaka 1791, wakaondoka na walichoweza kubeba. Jumuiya ilikaa Keshero, Goma, kwa miaka. Baadaye wamonaki walirudi Mokoto, wakaanza kupanda tena.

Kijana alisema mama yake aliuza maziwa pale. Tulimalizia chupa ya pili bila kuongea sana, na yule mama wa Kabare akaomba apewe kifuniko cha buluu.