Maelezo ya Zana: Istilahi kwa Msomaji Asiyeuliza Swali

Watengenezaji wa programu wanaoandika kwa Kiswahili wamezoea kuita "nyaraka" kila andiko linaloambatana na programu. Neno hilo lilifaa msomaji alipokuwa mtu. Siku hizi ameongezeka msomaji mwingine, yaani wakala wa akili mnemba, ambayo Wakenya wengi huiita akili unde. Andiko analohitaji wakala huyu ili aweze kufanya kazi napendekeza liitwe maelezo ya zana. Nitaeleza kwa nini, neno kwa neno.

Wakala tunamjua. Ni yule wa kibanda cha M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2007: unampa fedha, naye anakamilisha muamala kwa niaba ya kampuni. Katika Kiarabu neno lilikotoka, wakala ni uwakilishi wenyewe. Mwakilishi ni wakili, ambaye Kiswahili kimempeleka mahakamani. Maana ya kutenda kwa niaba ya mwingine haijapotea, na ndiyo tunayoihitaji. Programu inayojibu maswali tu haijawa wakala. Huwa wakala inapotumwa ikatenda: ikatafuta faili, ikatuma barua pepe, ikalipa.

Ili atende, anahitaji zana. "Kifaa" kimekwisha kushikwa na simu na kompyuta, na "chombo" kina mashua, sufuria na redio ndani yake. Zana, kama zile za kilimo na za kufundishia, ni neno lenye nafasi bado. Hapa lina maana ya kipande cha programu kinachofanya kazi moja kila kinapoitwa. Kampuni ya OpenAI iliwafungulia watengenezaji utaratibu wa modeli, yaani ubongo wa wakala, kuita zana Juni 2023. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ikatangaza Model Context Protocol, kwa kifupi MCP, itifaki ya kuunganisha modeli na zana za mifumo mbalimbali. Humo zana hujulikana hasa kwa mambo matatu: jina lake, maelezo yake kwa lugha ya kawaida, na muundo wa maingizo inayoyapokea. Kwa kawaida modeli haioni msimbo ulio ndani ya zana. Hayo matatu ndiyo macho yake.

Sasa maelezo. Waraka hutoka wizarani, hupigwa muhuri, huishia kwenye jalada. Maelezo yana asili nyingine. Jambo likikuingia akilini unasema limekuelea, kwa kitenzi kilekile cha mtumbwi kuelea majini. Kueleza, basi, ni kulifanya jambo lielee, lionekane juu badala ya kuzama. Wakala anataka hilo hasa, kwa sababu hana mwenzake wa kumuuliza kando ya meza.

Ken Thompson na Dennis Ritchie walipotoa mwongozo wa kwanza wa mfumo endeshi wa Unix mwaka 1971, waliokuwa wakiusoma walikuwa watu walioweza kumfuata mwandishi ofisini kwake. Tangu hapo tumeandika tukimtegemea msomaji azibe mapengo. Wakala naye huyaziba, ila kwa kukisia, na kisio lake halina kigugumizi.

Tuchukue zana ya kukatia tiketi ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi. Mtengenezaji ameipa jina "tiketi" na kuandika: "Hukata tiketi. Weka tarehe, saa na kiasi." Abiria anamwambia wakala: "Nikatie la saa mbili asubuhi, tarehe 3 mwezi wa nne." Kwa Mswahili saa mbili asubuhi ni 08:00, lakini zana inayohesabu kuanzia usiku wa manane ikipewa 02:00 itatafuta basi la saa nane usiku. Tarehe ikiandikwa 03/04, Mmarekani ataisoma kuwa Machi 4. Kiasi nacho ni shilingi za wapi? Njia hiyo ina mbili, na "elfu hamsini" ya Kenya si ya Tanzania.

Maelezo yaliyoelea yangesema hivi: "Hukata tiketi moja na kutoa fedha papo hapo, haiwezi kutenguliwa. Itumie baada ya abiria kuthibitisha safari na nauli. Kwa kuangalia nafasi tu, tumia tafuta_safari. Tarehe: mwaka, mwezi, siku, mfano 2025-04-03. Saa: mfumo wa saa 24 kuanzia usiku wa manane, kwa saa za Afrika Mashariki; saa mbili asubuhi iandikwe 08:00. Sarafu: TZS au KES." Na jina libadilike kuwa kata_tiketi_ya_basi.

Tazama kilichoongezeka. Kimetajwa kinachofanyika, wakati wa kuitumia na wakati wa kuiacha, umbo la kila ingizo, na hatari. Hata ujumbe wa kosa ni sehemu ya maelezo. "Hitilafu 400" humwacha wakala gizani. "Tarehe imepita, weka ya leo au ya mbele" humrudisha njiani bila kumsumbua abiria.

Hiyo haina maana kwamba maelezo yawe marefu kama hotuba. Kila neno lake huingia katika nafasi ya kusomea ya modeli, na nafasi hiyo ina kikomo. Zana ishirini zenye maelezo ya kurasa mbilimbili humchosha wakala kabla hajaanza. Weka lile ambalo likikosekana atakosea, lingine liache.

Nyaraka zibaki kwa historia ya programu na maamuzi ya walioijenga. Hili lingine tuliite maelezo ya zana. Nawe unayeyaandika, kabla hujayaweka kazini, mpe mtu asiyeijua programu hiyo ayasome mara moja. Akikuuliza, "Saa mbili ipi?", bado hayajaelea.