Dawa Ilikuwa Ng'ambo ya Ziwa

Mjomba wangu alikufa akiwa na miaka 6. Mimi nina 26, lakini bado namwita mjomba kwa sababu ndivyo alivyo: kaka wa mama yangu, aliyezaliwa Butiama na kuzikwa Butiama, nyuma ya nyumba ya Bibi. Hana picha wala cheti. Mwaka wa kifo chake Bibi anaupima kwa siasa: "Baada ya Azimio, kabla ya kuhamishiwa vijijini." Mama wakati huo alikuwa mchanga, anabebwa mgongoni. Kwa hesabu hiyo tumekubaliana kuwa ni 1969.

Ugonjwa ulianzia kwenye meno. Magego yalilegea upande mmoja, mtoto akashindwa kutafuna. Akapelekwa Musoma, kwenye kliniki moja, akang'olewa mawili. Bibi anasema aliambiwa uvimbe utashuka wenyewe. Haukushuka. Taya lilijaa, kisha jicho likaanza kusukumwa nje. Mtama uliopandwa akiwa anacheza ulivunwa akiwa kaburini.

Kwa miaka 30 Bibi hakuwa na jina la kilichomuua mwanawe. Wengine walisema ni kijicho, wengine wakalaumu yale meno yaliyong'olewa. Kisha, Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere akarudishwa Butiama kutoka London, alikofariki kwa saratani ya damu. Katika siku za msiba ule Bibi alimsikia mtu akieleza kwamba saratani hiyo huanzia ndani ya mifupa, kwenye uboho. Aliposikia neno mifupa akalikumbuka lile taya. Tangu hapo ana swali, na nilipoanza shahada ya uzamili ya historia, swali likawa langu.

"Mjukuu wangu, wewe unasoma mambo ya zamani. Niangalizie. Ile ya mtoto wangu ilikuwa na dawa?"

Nikaanza kuangalia.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Burkitt akaanza kuwatafuta wengine kama huyo, na mwaka 1958 akachapisha makala akiuita ugonjwa huo sarkoma ya taya kwa watoto wa Afrika. Baadaye wanapatholojia walionyesha kuwa si sarkoma bali limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga. Ni chembe hizo zinazovamia mfupa wa taya na kulegeza meno. Dalili ya kwanza ambayo mama huiona mara nyingi ndiyo ile aliyoiona Bibi.

Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Ramani iliyotokana na maswali hayo ilifuata nchi za joto, mvua na malaria. Kanda ya ziwa letu imo ndani yake.

Upasuaji haukufaa, maana uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Lakini dawa zilifanya jambo lililowashangaza madaktari wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, watoto wachache waliopewa dozi chache tu za dawa moja, methotreksati au saiklofosfamaidi, waliona uvimbe ukiyeyuka, na baadhi yao wakapona kabisa. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo maalumu cha kutibu limfoma, kwa ushirikiano na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Daktari kijana, John Ziegler, alitumwa kukiongoza.

Hapo ndipo suala la kuchanganya dawa lilipochukua uzito. Dawa moja iliyeyusha uvimbe, lakini kwa watoto wengi ugonjwa ulirudi, mara nyingine ukiwa umejificha kwenye ubongo na maji ya uti wa mgongo, mahali ambapo dawa za kawaida hazifiki vizuri. Hoja ya mchanganyiko ni ileile ya kifua kikuu: chembe inayokwepa dawa moja inaweza kunaswa na nyingine. Saiklofosfamaidi huharibu vinasaba vya chembe. Methotreksati huinyima foleti, ambayo chembe inaihitaji ili izaliane. Vinkristini, inayotokana na mmea wenye asili ya Madagaska, huizuia isigawanyike. Ili kufika kwenye maji ya uti wa mgongo, dawa hudungwa mgongoni.

Idi Amin alipotawala, madaktari wengi wa kigeni waliondoka Uganda. Charles Olweny, Mganda, akashika uongozi wa taasisi ile, na kazi haikusimama. Mwaka 1976 yeye na wenzake walichapisha jaribio lililowagawa wagonjwa kwa bahati nasibu: hawa dawa moja, hawa mchanganyiko. Jaribio la namna hiyo, katika nchi iliyokuwa katika hali ile, ni jambo ambalo sikuwahi kufundishwa darasani.

Mkoani Mara nako kulifanyika jaribio, la aina nyingine. Kati ya 1977 na 1982, watoto wa Mara Kaskazini walipewa klorokwini, ili ionekane kama kupunguza malaria kutapunguza limfoma hii. Wagonjwa walipungua, ila upungufu ulikuwa umeanza kabla ya vidonge kugawiwa, na ushahidi ukabaki nusu.

Jibu kubwa kuhusu mchanganyiko lilichapishwa mwaka 2012. Twalib Ngoma wa Ocean Road, Dar es Salaam, na wenzake wa Kenya na Nigeria, waliripoti watoto 356 waliotibiwa kwa dawa zile tatu, pamoja na sindano za mgongoni, na dawa za akiba kwa wale ambao ugonjwa haukuisha au uliwahi kurudi. Kabla ya hapo, katika hospitali hizo, huenda waliokuwa wakinusurika hawakuzidi 20 katika kila 100. Katika jaribio hili, baada ya miaka 2, asilimia 62 walikuwa hai. Hata ugonjwa ulioingia kwenye uboho haukubadilisha matokeo sana. Uliofika tumboni ndio uliokuwa mgumu zaidi. Kilichonivutia ni kwamba mchanganyiko ulichaguliwa kwa urahisi wake: ulitolewa kwa vipindi, katika hospitali zetu, na wauguzi wetu. Walipima nguvu ya dawa, na pia walipima kama dawa hiyo inabebeka na hospitali zenye uhaba.

Kuna kitu ambacho jaribio haliwezi kukipima. Asilimia 62 ni ya wale waliofika. Mwaka 2013 mtoto wa jirani yetu Bunda alivimba taya. Mama yake alimpeleka Bugando, Mwanza, akarudi naye, akampeleka tena, mzunguko baada ya mzunguko. Nakumbuka akihesabu nauli mezani kwetu usiku, noti za elfu mbili kando, sarafu kando. Mtoto yule sasa ni kijana, anaendesha bodaboda. Kama nauli ingekatika katikati, asingeonekana kwenye jedwali la mtu yeyote, kama mjomba wangu asivyoonekana.

Desemba iliyopita nilipanda basi Bunda, nikashuka Makutano, nikachukua pikipiki hadi Butiama. Njia nzima nilikuwa nikijiuliza kama nina haki ya kumpa mwanamke wa miaka 80 jibu ambalo haliwezi kumsaidia kitu. Nilifikiria kumwambia kwamba zamani zile hakukuwa na la kufanya. Angelala vizuri. Lakini hakuniomba usingizi.

Nilimkuta anachambua maharage. Nikamwambia kuwa siwezi kuapa ugonjwa ulikuwa huo, ila dalili zote ni zake. Na kama ulikuwa huo, dawa ilikuwepo, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960.

"Wapi? Ulaya?"

"Hapana, Bibi. Mulago. Kampala."

Akaacha kuchambua. "Kampala hii ya ng'ambo ya ziwa?"

"Hiyohiyo."

Meli ya Victoria, iliyoanza safari 1961, ilikuwa ikizunguka bandari za ziwa, Musoma ikiwemo. Bibi aliiona kwa macho yake siku ile waliyokwenda kung'oa meno. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza nauli ilikuwa shilingi ngapi. Katika daftari langu lote sikuwa nimeandika hilo.

"Tulikuwa na ng'ombe wanne mwaka ule," akasema, akarudi kwenye maharage.