Geisha, Deni na Sheria

Neno geisha likitajwa, wengi wetu huona uso uliopakwa poda nyeupe na vazi la hariri, kisha fikra zetu huishia hapo. Maana ya neno hilo ni mtu wa sanaa, na geisha wa kwanza hawakuwa wanawake. Walikuwa wanaume, watumbuizaji waliochekesha wageni na kupiga ngoma karamuni. Wanawake waliingia katika kazi hiyo katika karne ya 18, wakawapiku. Mwaka 1779, katika mtaa wa Yoshiwara mjini Edo, yaani Tokyo ya leo, ilianzishwa ofisi ya kuwasajili na kuwadhibiti, ili wasiwanyang'anye makahaba wa mtaa huo wateja wao.

Mafunzo yalikuwa magumu. Binti aliingia okiya, nyumba ya geisha, mara nyingi kabla hajabalehe, akaanza kama mtumishi: kusugua sakafu, kutumwa huku na kule, kukesha akiwasubiri wakubwa warudi. Alijifunza kucheza, kuimba, kuandaa chai kwa taratibu zake, na kupiga shamisen, ala ya nyuzi tatu. Mwenye nyumba alimwita mama, na geisha aliyemlea alimwita dada. Udada huo ulifungwa kwa kunywa sake kwa mafunda tisa, kama wafanyavyo maharusi. Huko Kyoto mwanagenzi huitwa maiko, na nywele zake hazivunjwi kila siku, hivyo hulala shingo ikiwa juu ya mto mgumu ulioinuka. Muda wake mbele ya wageni ulipimwa kwa vijiti vya udi. Kijiti kikiteketea, malipo yanaandikwa.

Swali langu ni: yaliandikwa katika daftari la nani? Wazazi mafukara walipokea fedha za awali kutoka kwa mwenye nyumba. Juu yake ziliongezwa gharama za kimono, chakula na ada za walimu. Binti akatumika miaka mingi kulipa deni ambalo hakulikopa.

Mwaka 1872 meli ya Peru iitwayo Maria Luz ilitia nanga Yokohama ikiwa na vibarua zaidi ya 200 wa Kichina. Mmoja alijitosa baharini akaokolewa na meli ya kivita ya Uingereza, na mateso yao yakajulikana. Japani ilimfungulia mashtaka nahodha wa meli. Wakili wa nahodha akajibu kwa hoja kali: mnawezaje kulaani mikataba hii, ilhali kwenu mabinti wanauzwa kwa mikataba hiyo hiyo? Vibarua waliachiwa huru. Hata hivyo hoja ile iliuma, na serikali ikatoa amri ya kuwaachia makahaba na geisha. Wizara ya Sheria ilifafanua kwamba watu hao wamenyimwa haki za kibinadamu, hawana tofauti na ng'ombe na farasi, na ng'ombe hadaiwi deni.

Ni amri ya ajabu: iliwapa uhuru kwa kuwafananisha na mifugo! Nayo haikudumu. Mwaka uliofuata Tokyo iliruhusu madanguro yaendelee kwa jina la vyumba vya kupangisha. Mahakama nazo zilitenganisha mambo mawili: hakuna anayeweza kulazimishwa kufanya kazi, lakini mkopo ni mkopo, sharti ulipwe. Kwa binti asiye na shilingi, tofauti hiyo haikuwa na maana yoyote.

Sayo Masuda aliuzwa kwa nyumba ya geisha huko Suwa akiwa na miaka 12. Hakuwahi kusoma shule. Alijifunza kuandika ukubwani, na mwaka 1957 akachapisha kumbukumbu zake. Miaka miwili kabla yake, tarehe 7 Oktoba 1955, Mahakama ya Juu ya Japani ilikuwa imeamua kesi ya binti aliyefanyishwa kazi ya kuhudumia walevi ili kufidia fedha alizokopa baba yake. Iliamua kwamba mkataba wote ni batili, mkopo ukiwamo, na aliyekopesha hana haki ya kurudishiwa. Tangu amri ile ya 1872 ilikuwa imepita miaka 83.

Leo maiko huanza akiwa na miaka 15, baada ya elimu ya lazima, kwa hiari yake. Okiya humlipia malazi, mavazi na masomo, naye hupewa fedha kidogo za matumizi, si mshahara. Mwaka 2022 binti mmoja aliyewahi kuwa maiko alieleza mitandaoni kwamba alinyweshwa pombe kabla ya umri unaoruhusiwa kisheria. Wajapani wakaanza upya kuulizana iwapo maiko ni mwanafunzi au mfanyakazi.