Filamu inavyoweza kuwatetea wagonjwa wa fistula

Fistula ya uzazi ni tundu kati ya uke na kibofu au utumbo, liletwalo na uchungu wa kujifungua uliokawia bila upasuaji. Mwathiriwa huvuja mkojo au kinyesi, hujificha kwa aibu, nao viongozi husahau kwamba yupo.

Filamu ya A Walk to Beautiful ya 2007 iliwafuata wanawake wa Ethiopia waliotafuta tiba jijini Addis Ababa.

Jijini Eldoret, hospitali ya Gynocare hutibu maradhi hayo. Tangu 2013 huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa kaunti, na makadirio ya bajeti huwasilishwa bungeni kufikia Aprili 30. Madiwani wakionyeshwa filamu kabla ya tarehe hiyo, huruma yao yaweza kuzaa fungu la fedha. Wakichelewa, hubaki machozi matupu.