Maji Ndani ya Ukuta: Safari ya Bomba la Kuogea hadi Kabati

Agosti 1851, karibu na Mto Tana, mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alijikuta peke yake porini. Mwenyeji wake, Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba wa Kitui, alikuwa ameuawa njiani na wavamizi, na msafara wao ulikuwa umetawanyika. Krapf alifika mtoni akanywa akakata kiu, ila hakuwa na kibuyu cha kubebea maji ya safari ya kurudi. Akajaza maji kwenye ala ya darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi. Vichaka alivyopenya usiku viling'oa zile nyasi, na alipotaka kunywa akakuta mitutu ni mikavu.

Ukambani ya Kivoi ilikuwa na njia zake za kupata maji, tena bora kuliko za mgeni yule. Mito ya Kitui hukauka juu, lakini chini ya mchanga maji hubaki. Watu walichimba visima vya mchangani wakateka kwa kibuyu, na wajuzi walitambua kwa kuangalia miti ya kingoni mahali ambapo maji hayako mbali. Ujuzi huohuo ndio uliozaa mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mkondo wa mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa kati ya punje ambako jua haliyafikii. Shirika la SASOL, lililoanzishwa mwaka 1990, limejenga mamia ya mabwawa ya aina hiyo katika Kitui. Kwa hiyo wazo la maji yaliyofichwa si geni kwa mtu wa huku. Kilicho kigeni ni kuyaficha ndani ya ukuta wa bafu.

Na hilo ndilo linalotokea Kabati sasa. Mji huu wa soko wa Kitui Magharibi uko kwenye njia iendayo Migwani na Mwingi, na tangu lami iwekwe kutoka Kibwezi kupitia Mutomo na mji wa Kitui, mizigo ya ujenzi inafika kwa urahisi. Katika nyumba mpya za mawe na matofali ya kuchoma, mwenye nyumba anataka bafu ambalo paipu haionekani: kigae kuanzia sakafu hadi dari, bamba moja linalong'aa lenye mkono wa kufungulia, na shawa pana inayochomoza ukutani. Mafundi huita kazi hiyo konsili. Watu wanaipenda kwa sababu za haki kabisa. Ukuta hufutika kwa urahisi, hakuna paipu ya kukusanya kutu na utando wa sabuni, na bafu dogo hupata nafasi. Mtu aliyelelewa akioga kwa beseni nyuma ya nyumba ana kila sababu ya kutaka bafu zuri, na sitamcheka.

Linalonitia wasiwasi ni kwamba tumeleta umbo tukaacha historia yake. Wote waliowahi kuficha bomba wakafanikiwa, pwani yetu hadi Ulaya, walijihakikishia mambo mawili kabla ya kupiga plasta: kwamba maji yatafika yakiwa na nguvu ya kutosha, na kwamba siku yakikwama mkono wa fundi utaweza kuyafikia.

Anza na pwani, kwa kuwa huko ndiko tuliko na mifano ya kale zaidi. Katika magofu ya Gedi karibu na Malindi, ambayo James Kirkman alianza kuyafukua mwaka 1948 na UNESCO ikayaorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2024, nyumba za mawe ya matumbawe zina vyoo na mahali pa kunawia ndani ya kuta zake. Kwenye Msikiti Mkuu, maji yaliyotekwa kisimani yalipitishwa mferejini hadi kwenye birika la kutawadhia. Kilwa, katika jumba la Husuni Kubwa lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, kuna bwawa la kuogea lenye pembe nane. Lamu nako, nyumba za zamani ziliweka birika la maji ndani ya bafu, na chini yake wakapachika bakuli la kaure ambamo samaki wadogo walikaa wakila viluwiluwi vya mbu. Angalia akili ya mafundi wale. Maji yaliingizwa ndani ya nyumba, yakasitiriwa, yakapambwa, lakini birika lilibaki wazi juu. Ukitaka kulisafisha, unaingiza mkono.

Zanzibar ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1850 Seyyid Said alimjengea mkewe Mwajemi, Binti Irich Mirza, bafu la Kidichi, juu ya vilima vya kisiwa, na ndani yake likapambwa kwa lipu ya nakshi. Mwanawe, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga bafu la Hamamni katikati ya Mji Mkongwe na kulifungua kwa umma kwa malipo. Hapo maji yaliletwa kwa mfereji kutoka nje ya mji, na moto ukapasha sakafu kwa njia zilizojengwa chini yake. Muogaji hakuona mfereji wala tanuri. Aliona marumaru na mvuke. Barghash huyohuyo ndiye aliyevuta maji ya mabomba kutoka kwenye chemchemi za upande wa Bububu hadi mjini, na nadhani mpangilio huo una maana kubwa: mtawala aliyejenga hamamu alikuwa pia anashughulikia chemchemi. Hamamni ilifungwa katika miaka ya 1920, lakini mgeni anayeizuru leo bado anaweza kuonyeshwa mahali moto ulipowashwa na njia maji yalimopita.

Ulaya ilichelewa kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1767 William Feetham wa London alipewa hataza ya shawa ya pampu ambayo ilisukuma maji hadi kwenye chombo juu ya kichwa cha muogaji. Kwa zaidi ya karne moja na nusu baada ya hapo mabomba ya bafuni yalibaki nje ya ukuta, tena wenye pesa waliyang'arisha yaonekane. Hatua iliyobadilisha mambo ilianza Denmark mwaka 1961. Msanifu Arne Jacobsen alikuwa ameshinda shindano la kubuni jengo la Benki ya Taifa mjini Copenhagen, na mwenye kiwanda aitwaye Verner Overgaard akamtafuta akiwa na wazo moja: bomba la kuchanganyia maji ambalo viungo vyake vyote vimo ukutani, na nje hubaki mkono na mdomo peke yake. Kutoka hapo likazaliwa bomba la VOLA la mwaka 1968, ambalo miundo mingi ya leo bado inaliiga. Uswisi nayo, kampuni ya Geberit ilianza kuuza tangi la choo la kufichwa ukutani mwaka 1964.

Kilichofuata ni sehemu ambayo haionekani kwenye picha za kuvutia. Kwa miaka mingi, mtu aliyebadili mawazo kuhusu bomba alilazimika kubomoa ukuta, kwa kuwa kila mtindo ulikuwa na mwili wake wa shaba ndani. Mwaka 2001 Hansgrohe ya Schiltach, Ujerumani, ilitoa kisanduku kimoja kinachopachikwa ukutani wakati wa ujenzi, nacho hupokea mitindo mbalimbali ya bomba baadaye. Kinahitaji kina cha kati ya milimita 80 na 108. Ukiondoa bamba la mbele, fundi anafikia katriji, yaani kile kiini kinachochanganya maji ya moto na baridi, na vichujio vyake, bila kugusa kigae hata kimoja. Wajerumani hawa waliuza bafu nadhifu, lakini kilichowagharimu ubunifu mwingi ni mlango wa kurudia ndani.

Wakati huo Kenya ilikuwa ikifuata njia nyingine kabisa, na chanzo chake kilikuwa Brazil. Huko mafundi walibuni, katika miaka ya 1930, shawa inayopasha maji moto papo hapo kwa umeme ndani ya kichwa chenyewe. Hakuna tangi la maji moto wala paipu ya pili. Lorenzetti ya São Paulo ni miongoni mwa majina yaliyoenea sana Kenya, kiasi kwamba wapo wanaoita kila shawa ya umeme kwa jina hilo. Mpango wa serikali wa kusambaza umeme vijijini ulioanza 2015 uliifungulia milango hata ya nyumba zilizo mbali na mji. Ilishinda kwa sababu inajua hali yetu. Inakubali maji yanayoshuka polepole kutoka kwenye tangi la plastiki, na zipo zenye waya maalumu kwa ajili ya maji ya chumvi. Sharti lake kubwa ni waya wa ardhi uliofungwa kwa usahihi, na hapo hakuna njia ya mkato, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matamu.

Sasa turudi kwenye ukuta wa Kabati, na tufanye hesabu ambayo muuzaji wa duka mara nyingi haifanyi. Maji yaliyosimama kwenye kimo cha mita 10 hutoa presha ya bar 1. Tangi lililowekwa juu ya mnara wa mita 3 hutoa takriban bar 0.3, na ukitoa kimo cha kichwa cha shawa, kinachobaki ni kidogo zaidi. Mifumo mingi ya konsili ya Ulaya hutengenezwa ikitarajia bar 1 au zaidi. Ukiifunga kwenye tangi la mnara mfupi, ile shawa pana ya picha inatiririsha uzi mwembamba katikati na kingo zinabaki kavu. Hapo watu husema bomba ni feki. Pengine si feki hata kidogo. Linasubiri presha ambayo nyumba haina. Dawa ni kuinua tangi au kuweka pampu ndogo ya kuongeza presha, na pampu inataka umeme usiokatika.

Maji yenyewe nayo yana tabia zake. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981 kwenye Mto Tana, ndilo linalolisha bomba kuu la kuja Kitui. Maji hayo husukumwa kwa pampu, na pampu zikizimwa, watu hurudi kwenye visima vya kuchimbwa kwa mashine na kwenye malori ya maji. Maji mengi ya visima hivyo yana chumvi. Chumvi hiyo hula paipu za chuma zilizopakwa zinki kutoka ndani hadi zitoboke, na huacha ukoko mweupe unaoziba katriji na matundu ya shawa. Paipu ya nje ikitoboka, unaona tone siku hiyohiyo. Ikiwa ndani ya ukuta wa matofali ya kuchoma, tofali hunywa maji kimyakimya, rangi ya chumba cha pili hubanduka, na mwenye nyumba humlaumu fundi wa rangi.

Ndiyo maana nasema paipu ya PPR imefanya kwa bafu zetu kazi kubwa kuliko bamba lolote linalong'aa. Ni plastiki ngumu ambayo haishiki kutu. Fundi hupasha mwisho wa paipu na kiungo chake kwa pasi maalumu yenye joto la karibu nyuzi 260, akavisukuma pamoja, navyo vikapoa vikiwa kitu kimoja. Ukifanya hivyo vizuri, hakuna uzi wa kulegea wala gundi ya kuachia. Lakini mkono ukitetemeka au pasi ikiwa haijafika joto, kiungo hushika kwa wiki chache halafu huachia, na kwa kuwa kimefunikwa, hakuna anayejua kimeachia wapi.

Soko limesaidia na limedhuru. Kiwanda cha Twyford kilipoanza kutengeneza vigae Kajiado mwishoni mwa 2016, ukuta wa vigae uliwakaribia watu wengi zaidi. Mabomba nayo yanatoka China, ambako miji kama Shuikou katika jimbo la Guangdong imejengwa juu ya biashara hiyo. Humo kuna kazi nzuri ya shaba nzito na kuna kazi ya zinki nyepesi iliyopakwa kromu, na machoni zote hung'aa sawa. Pima kwa mkono: ya shaba ni nzito. Kisha muulize muuzaji swali moja kabla ya kulipa, kama ana katriji ya akiba ya bomba hilohilo. Akisema hana, ujue kwamba siku itakapokufa utabomoa ukuta kutafuta bomba jingine litakalolingana na tundu.

Kuna kazi tatu ambazo mwenye nyumba asikubali zirukwe hata kama fundi ni ndugu yake. Ukuta wa bafu uwe mnene, inchi 6 au zaidi upande unaobeba kisanduku, kwa kuwa kutindua ukuta wa inchi 4 kwa kina cha sentimita 10 ni kuuacha ukiwa ganda. Weka koki za kufungia maji mahali panapofikika, pamoja na kichujio mbele ya shawa kwa ajili ya mchanga na chumvi. Na kabla ya plasta, paipu zijazwe maji, zisukumwe kwa pampu ya kupimia hadi presha iliyo juu ya ile ya kawaida, ziachwe kwa saa kadhaa huku sindano ya mita ikitazamwa. Ikishuka, tafuta kiungo kinachovuja sasa, wakati ukuta bado uko wazi.

Mafundi wazuri huongeza jambo moja lisilogharimu chochote. Hunyoosha utepe wa kupimia ukutani kando ya paipu na kupiga picha kwa simu, kila upande wa bafu, ili namba zisomeke: paipu ya moto iko sentimita ngapi kutoka kona, kiungo kiko kimo gani kutoka sakafuni. Picha hizo hutumwa kwa mwenye nyumba na kwa yeyote atakayebaki na ufunguo.