Mahindi, Poka na Kibali: Ubroka wa Matete Tangu Enzi za Bodi

Kabla ya mwisho wa mwaka 1993, kuvusha mahindi ya biashara kutoka Matete hadi Webuye bila kibali kulikuwa magendo. Mwendo wenyewe si mrefu, lakini Webuye iko ng'ambo ya mto Nzoia, katika iliyokuwa wilaya ya Bungoma, nasi tulikuwa wilaya ya Kakamega. Askari wa kizuizini hakuuliza umeenda kilomita ngapi. Aliuliza karatasi.

Mama yangu alijifunzia biashara kwenye kizuizi hicho, nami nikajifunza kwake. Nayaandika haya kwa sababu mtoto wa kaka yangu, kijana anayeshinda na simu akinunua dola na kuuza euro, ananiambia, "Shangazi, kazi yangu na poka ni ujuzi mmoja. Yako ya mahindi ni ya jasho tu." Nusu ya maneno yake ni kweli. Nusu ya pili inataka historia.

Udhibiti wa mahindi ulianza mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Serikali ya kikoloni iliamua nani anunue, kwa bei gani na yapite wapi, na bei ya mlowezi ikawa juu kuliko ya Mwafrika. Uhuru ulipokuja, walowezi wengi waliondoka lakini udhibiti ukabaki. Mwaka 1979 bodi ya mahindi na ile ya ngano ziliunganishwa, ikazaliwa Halmashauri ya Taifa ya Nafaka na Mazao, ambayo hapa kwetu tunaiita Bodi tu. Bodi ilinunua kwa bei moja nchi nzima, tangu mavuno hadi mavuno. Kuweka mahindi ukingoje yapande hakukuwa na maana. Faida ilikuwa sehemu moja tu: kuvuka.

Na soko lilikuwepo. Kiwanda cha karatasi cha Pan African kilipoanza kazi Webuye katika miaka ya 1970, nyumba za wafanyakazi zilijaa watu wenye mshahara na wasio na shamba. Mama aliwapelekea mahindi kwa matatu, gunia moja moja, juu yake mkungu wa ndizi. Akisimamishwa, alikuwa na sura ya mtu aendaye matangani, na mahindi yakawa chakula cha waombolezaji. Kwa desturi zetu jambo hilo halikuwa la ajabu, ndiyo maana liliaminika. Lakini hakulitumia kila safari. Mara nyingi alikubali hasara ya kurudi nyumbani, au alibeba kidogo kinachoruhusiwa. "Ukifiwa kila wiki," alisema, "askari atataka kuja kuzika."

Huo ndio moyo wa poka, na mwanahisabati John von Neumann aliuthibitisha kwa hesabu katika kitabu alichoandika na Oskar Morgenstern mwaka 1944. Asiyepiga mkwara kamwe hapati kitu, kwa kuwa wenzake wanajua akiweka dau ana karata nzuri, nao wanakimbia. Anayepiga mkwara kila mara anakamatwa. Ujuzi uko katika kipimo.

Sizungumzii ile poka tuliyocheza watoto kando ya posho mill, ya kugawiwa kadi nne, kumlisha mwenzako kwa 2 na 3, kisha kutangaza "niko kadi" kabla ya kumaliza. Ile ni ya kushindana kumaliza karata mkononi. Poka ya Wamarekani ni ya dau: karata zako mbili zimefichwa, nyingine zinafunuliwa mezani, na kila hatua unaamua ulipe zaidi au uache. Tuseme una karata nne za kopa, mbili mkononi na mbili kati ya tatu zilizofunuliwa. Kopa zilizobaki ni 9, na karata usizoziona ni 47. Nafasi ya kopa kutokea katika karata inayofuata ni pungufu kidogo ya moja kwa tano. Mchezaji mzuri anapima nafasi hiyo dhidi ya pesa iliyopo mezani, halafu anaamua. Anaweza kuamua vizuri na bado akapoteza, na hilo halimtoi kwenye njia yake.

Desemba 1993 vizuizi vya mahindi viliondolewa, na hapo ndipo ubroka wenyewe ulipozaliwa. Sasa bei ilipanda na kushuka. Mavuno yetu huanza kuingia Agosti na Septemba, yale ya Trans Nzoia hufuata, na ya Uganda huja kwa njia ya Malaba na Busia. Januari mkulima anauza kwa shida ya karo. Kufikia Juni ghala nyingi ni tupu. Kila mtu sokoni anaijua kalenda hiyo. Usichokijua, kama karata zilizofichwa, ni kilicho ndani ya gunia na kilicho kichwani mwa mwenye gunia.

Kwa gunia kuna bambo, kile chuma chenye mfereji na ncha kali. Anayeanza hulichoma gunia juu, penye mahindi aliyopangiwa ayaone. Mimi huchoma chini pembeni, kisha katikati, nikiutazama mkono wa muuzaji wakati bambo linaingia. Punje nazimimina kwenye chupa kavu ya kioo, natia chumvi kavu, natikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Ikianguka yote chini, yanaweza kuwekwa. Bodi inataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, ukinunua juu ya hapo na kuweka, kuvu itakula faida kabla ya mnunuzi kufika.

Jambo la pili tunalofanana na wacheza karata ni ukubwa wa dau. Mwaka 1956 John Kelly, mtafiti wa maabara za Bell huko Marekani, alionyesha hesabu yake: ukiwa na nafasi 60 kwa 100 za kupata faida sawa na dau lako, na 40 za kulipoteza, weka sehemu moja ya tano ya mtaji wako. Ukizidisha sana, utafilisika hata kama unashinda mara nyingi kuliko kushindwa. Profesa Edward Thorp aliipeleka hesabu hiyo kwenye meza za kamari, kisha akaipeleka kwenye soko la hisa. Kampuni ya Susquehanna, iliyoanzishwa mwaka 1987 na marafiki waliopenda poka, hufundisha wafanyabiashara wake kwa karata. Hapa Matete tunaifahamu kwa njia nyingine: broka aliyejaza ghala Septemba kwa pesa zote pamoja na mkopo, Januari anawatazama wenzake wakinunua mahindi ya karo kwa bei ya chini.

Mpaka hapo kijana ameshinda. Lakini karata ni 52 kila siku, na hakuna anayeingia katikati ya mchezo akaongeza kopa. Kwenye mahindi yupo. Msimu wa 2017 Bodi ilinunua gunia la kilo 90 kwa shilingi 3,200. Mwaka uliofuata serikali ikatangaza 2,300, kisha mapema 2019 ikapandisha hadi 2,500. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Aliyekuwa na lori Malaba wiki ile hakushindwa kwa hesabu mbaya. Ndiyo maana broka wa hapa husikiliza taarifa ya habari kwa makini kuliko mhubiri.

Tofauti ya pili ni kubwa zaidi. Kwenye poka, pesa iliyo mezani ni ileile. Nikipata mia, wenzangu wamepoteza mia. Kwenye mahindi mkulima wa hapa Chevaywa anapata karo, mtu wa Webuye anapata ugali, nami napata changu kwa kubeba na kungoja. Sasa simu ya kijana iko upande gani? Kanuni za biashara hiyo ya mtandaoni zilitolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji mwaka 2017, kwa hiyo si magendo. Lakini dola anazonunua hazifiki popote wala hazimlishi mtu. Ni dau kwamba bei itapanda au itashuka, na anayelipokea mara nyingi ndiye mwenye meza. Poka ndiyo ndugu yake wa karibu, na hilo silipingi. Ninachomtaka ni atunze mtaji kama mcheza poka mzuri, asiongeze dau kwa hasira, na kila akifungua simu ajiulize swali ambalo Mama alikuwa nalo kila alipokiona kizuizi: huyu aliye mbele yangu anajua nini ambacho mimi sikijui?